Kombe la Enterprise: meli ilishavunjwa, kombe lingali linachezwa

Muulize msee yeyote mtaani akutajie raga ya Kenya. Atakutajia Shujaa, atakutajia Collins Injera, na kama kumbukumbu iko sawa atakukumbusha Singapore 2016 tulipoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali. Akikosa hayo atakuambia Prinsloo ya Nakuru, Driftwood ya Mombasa ama Dala ya Kisumu, yaani zile wikendi za jua, muziki na picha za kutupia mtandaoni. Zote hizo ni raga ya wachezaji saba. Sasa muulize kuhusu Kombe la Enterprise. Kimya.

Kimya hicho kinaniuma, kwa sababu Enterprise ni kati ya mashindano makongwe zaidi ya raga katika ukanda huu. Ni raga ya wachezaji 15, dakika 80, matope na yote. Na ni kombe lililokua likiwa la Afrika Mashariki, likichezwa na klabu za Kenya, Uganda na Tanzania, si la Kenya peke yake. Ukilifuatilia lilikotoka utaona pia kwa nini leo limebaki pembeni, na kama unaniuliza mimi, sababu si uwanjani.

Tuanze na jina, maana wengi hudhani Enterprise ni kampuni fulani iliyotoa udhamini. Hapana. Ni meli ya kivita. HMS Enterprise ilikuwa ya jeshi la majini la Uingereza, ikizunguka Bahari ya Hindi miaka ile ya 1920. Mwaka 1928 mabaharia wake wakatoa kombe kwa chama cha raga cha Kenya ya kikoloni, lishindaniwe kila mwaka. Mwisho wa mwaka huohuo meli ikapewa kazi ya haraka. Edward, Mwanamfalme wa Wales, alikuwa huku kwetu akiwinda, babake Mfalme George V akaugua vibaya, basi Enterprise ikatumwa Dar es Salaam kumchukua na kumkimbiza hadi Brindisi, Italia. (Huyu ndiye Edward aliyekuja kuwa mfalme 1936 na kuachia kiti kabla mwaka haujaisha kwa ajili ya mwanamke. Udaku ulikuwepo hata wakati huo.) Meli yenyewe ilipigana Vita Vikuu vya Pili, ikawa Normandy Juni 1944, kisha 1946 ikauzwa na kuvunjwa kama chuma chakavu. Kombe ndilo limebaki.

Mwanzoni halikuwa kombe la klabu. Lilichezwa na timu za wilaya: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kitale. Hebu chora hayo majina kwenye ramani. Unachopata ni zile nyanda za juu walizojitengea walowezi wa kizungu. Raga ilifuata ardhi, na mwenye shamba ndiye aliyekuwa na Jumamosi ya kupoteza, gari la kumfikisha mjini na klabu ya kunywea baada ya mechi. Mwafrika hakuwa kwenye kikosi, wala hakuwa kwenye kitabu cha wanachama.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa shule. Prince of Wales School, iliyopewa cheo cha yuleyule Edward wa meli, ilifunguliwa 1931 kwa wavulana wa kizungu. Duke of York ikafuata 1949. Leo unazijua kama Nairobi School na Lenana. Karibu na uhuru vijana Waafrika wakaanza kuingia humo na kukuta raga ipo kama vile kengele ya asubuhi ipo. Waliupenda mchezo, wakauweza. Shida ilikuja walipomaliza shule. Unaenda kuchezea wapi? Klabu zilikuwa za wenyewe. Nondescripts, ama Nondies ukipenda, ipo tangu 1923. Kenya Harlequin ilianzishwa 1952 ikiwa na undugu na Harlequins wa London. Kuingia kwenye klabu za namna hiyo si kujua kupiga mpira tu. Ni uanachama, ni ada, ni nani anakujua.

Ndiyo maana mimi 1977 nauona kuwa mwaka mzito zaidi kwenye historia hii kuliko 1928. Hapo ndipo Mwamba ilianzishwa, klabu ya Waafrika wenyewe. Hapo pia ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipoanzisha Mean Machine, wakaingia Kenya Cup, ligi iliyokuwa imeanza 1970, na kuibeba msimu wao wa kwanza. Msimu wa kwanza! Vijana wa hosteli, waliokuwa wakiishi kwa boom, dhidi ya klabu zenye baa na mabwawa ya kuogelea. Mimi niliyeacha chuo katikati naweza kusema bila aibu kwamba hiyo ndiyo sababu moja ambayo ingenifanya nibaki.

Lakini mwaka huohuo wa 1977 kuna kitu kingine kilivunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilisambaratika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Uganda nayo ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Sasa jaribu kupanga mechi ya ugenini hapo. Kwa hivyo wakati Mwafrika anaingia kwenye raga ya klabu kwa miguu yake mwenyewe, ile Afrika Mashariki iliyotakiwa kumpa wapinzani inafungiwa nje. Jumuiya ilirudi baadaye. Mazoea ya kusafiri kwenda kucheza kwa jirani hayakurudi vilevile.

Kisha pesa zikaja. Agosti 1995 wakubwa wa raga duniani walitangaza kwamba mchezaji anaweza kulipwa, mwisho wa ridhaa kama sheria. Huku kwetu tangazo hilo halikubadilisha mfuko wa mtu siku hiyo. Klabu nyingi zilibaki za ridhaa, na bado ni za ridhaa. Hilo neno nalo, ridhaa, lina kejeli yake. Maana yake umekubali. Umekubali nini hasa? Umekubali kutoka kazini saa kumi na moja, kupanda matatu mbili hadi mazoezini, kununua viatu vyako mwenyewe, na goti likienda ufanyiwe mchango kwenye WhatsApp.

Katikati ya hali hiyo zikatokea timu zenye kampuni nyuma yake. KCB, watoto wa benki kule Ruaraka, walibeba Kenya Cup 2005, 2006 na 2007, wakarudi 2015, kisha 2017, 2018, 2019. Kabras, wanaobebwa na kiwanda cha sukari cha West Kenya, waliibeba mara ya kwanza 2016, na siku hizi ndio wa kuogopwa zaidi. Nakuru walifaulu kujipenyeza 2013 na 2014. Mwanya wa aina hiyo unazidi kuwa finyu kila msimu.

Kuna mafans wa Nairobi wanaolalamika kwamba sukari imenunua raga. Mimi hapo siwaungi mkono. Kombe hili halijawahi kuwa la maskini. Mwanzo lililipiwa na mashamba ya walowezi, baadaye na ada za wanachama wa klabu, na sasa kuna benki na miwa. Angalau miwa imepeleka raga ya kiwango cha juu Kakamega, ambako mtoto anaweza kuona mechi kubwa bila kuwa na mjomba mwenye kadi ya klabu. Shida yangu ni upande wa pili: klabu isiyo na kampuni inakutana na Kabras kwenye mtoano, inapigwa vibaya, inalipia basi lake kurudi Nairobi, halafu inatakiwa kucheza ligi Jumamosi inayofuata na kikosi chenye vilema wanne. Hapo ndipo Enterprise inageuka mzigo, kocha anapeleka wachezaji wa akiba, mashabiki wanabaki nyumbani.

Sasa watu husema dawa ni kulipunguza, ama kulifuta kabisa. Nadhani dawa ni kinyume chake. Kinacholifanya Enterprise lionekane kama Kenya Cup ya pili ni kwamba wanaokutana ni walewale. Mwenye kutoa udhamini analipia nini kipya? Lakini mlete Kobs ama Heathens kutoka Kampala, mlete timu moja ya Arusha hata kama itapigwa, hapo una kitu ambacho ligi haiwezi kukupa. Utani wa Kenya na Uganda kwenye raga upo tayari. Timu za taifa zimekuwa zikigombea Kombe la Elgon tangu 2004, na mtu aliyewahi kusimama jukwaani siku hiyo hahitaji kuhubiriwa.

Gharama? Ndiyo, najua. Ila shika ramani tena. Kutoka Nairobi hadi Arusha kwa barabara ni karibu kuliko Nairobi hadi Kakamega. Kwa Kabras wenyewe, kupitia Mumias na Busia, Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Tangu 2014 Mkenya anavuka Busia kwa kitambulisho tu. Agosti 2025 serikali tatu ziliweza kuandaa CHAN pamoja, na AFCON 2027 inakuja kwa mtindo huohuo. Kama mpira wa miguu unaweza kupangwa kwa nchi tatu, robo fainali nne za raga hazitatushinda.

Kigumu kweli ni kalenda, na nani atalipa timu ya ridhaa inapolala ugenini. Pendekezo langu ni dogo: klabu za Kenya zichujane zenyewe hadi zibaki tano, kisha kwenye nane bora waingie Waganda wawili na Mtanzania mmoja, na fedha za mdhamini ziende kwanza kwa basi na malazi ya timu isiyo na kampuni, kabla ya zawadi ya mshindi. Vyama vya raga vya Kenya na Uganda tayari hukaa meza moja kupanga Elgon. Ni kuongeza ajenda moja kwenye kikao hicho. Fainali ipigwe pale Ngong Road, uwanja wa RFUEA, ambao British Lions waliuchezea 1955 wakitoka ziara ya Afrika Kusini. Herufi mbili za mwisho za jina hilo ni Afrika Mashariki.