Tusiuze kwa Kilo Sauti za Zamani

Katika yadi za vyuma kuukuu za Makongeni mjini Thika, na zile zilizotapakaa pembezoni mwa Ruiru, kila kitu hupimwa kwa mizani moja. Pasi iliyoungua, sufuria iliyotoboka na redio ya miaka ya sabini hutupwa juu ya sahani ile ile, na aliyevileta hulipwa kwa kilo. Mwenye yadi hana kosa. Yeye hununua uzito, wala hajawahi kuambiwa kuwa miongoni mwa vyuma hivyo huenda kukawamo kifaa ambacho thamani yake haihusiani hata kidogo na uzito wake.

Kifaa tunachokusudia leo ni pedali ya wah-wah, ile ambayo mpiga gitaa la umeme huikanyaga kwa wayo ili mlio wa nyuzi ufunguke na kufumba mfano wa kinywa cha mtoto anayelia. Kwa macho ni kisanduku cha chuma tu chenye mpira juu yake, ukubwa wake kama kiatu. Hata hivyo, pedali za kwanza za Vox, zilizoundwa mwaka wa 1967 zikiwa na picha ya mpiga tarumbeta Clyde McCoy upande wa chini, leo hununuliwa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya dola 1,000. Hizo ni fedha zinazoweza kumlipia mwanafunzi karo ya bweni mwaka mzima na chenji ikabaki.

Ajabu ni kwamba kifaa chenyewe kilizaliwa kwa bahati. Mwaka wa 1966, fundi mmoja wa kampuni ya Thomas Organ huko California, Brad Plunkett, alikuwa akitafuta namna ya kubadilisha swichi ya bei ghali ndani ya amplifaya kwa kipande rahisi cha kuzungusha. Alipokizungusha huku gitaa likipigwa, sauti ikalia. Wakakitia kipande hicho ndani ya pedali ya kinanda, na kazi ikawa imekwisha. Mwalimu wa fizikia hawezi kupata mfano ulio bora kuliko huu wa kuwafunza wanafunzi wake: mguu unaposhuka, kilele cha mwangwi hupanda kutoka mitetemo 400 hivi kwa sekunde hadi kama 2,000. Ndani yake mna koili moja ndogo, na kwa kuwa koili za siku zile hazikulingana sawasawa, hakuna pedali mbili za kale zinazolia kwa namna moja. Kutolingana huko, ambako kiwandani kungehesabiwa kuwa dosari, ndiko wanunuzi wa leo wanakokulipia.

Tuseme wazi, kabla ya watu kuanza kufukua dari za nyumba zao, kwamba si kila pedali kuukuu ni mali. Zile zilizotengenezwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1980 hupatikana kwa bei ya kawaida, na za kughushi zipo pia.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Kiambu. Yanatuhusu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na bendi zilizopiga soul na funk katika hoteli na vilabu, na moja yazo, Air Fiesta Matata, ilifika hadi London ikarekodi huko. Karibu nasi zaidi ni Gatanga, kitalu cha wapiga gitaa wa benga ya Kikuyu, na Kilimambogo, mlima unaoonekana kutoka Thika, uliompa jina la bendi yake marehemu Kakai Kilonzo, Mkamba aliyeimba pia kwa Kiswahili ili aeleweke nchi nzima. Kweli, benga haikuitegemea sana pedali; utamu wake uko katika vidole na nyuzi zisizotiwa nakshi. Lakini amplifaya, magitaa na santuri za muziki huo zimepatwa na maafa yale yale. Mwaka wa 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo zilizorekodiwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980, ikauita Kenya Special. Ni kazi nzuri, nasi hatuilaumu. Tunachosikitikia ni kwamba kijana wa Ruiru anayetaka kusikia alichokicheza babu yake sasa hana budi kukiagiza kutoka ng'ambo.

Sheria nayo haitusaidii hapa. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 imetajwa na kulindwa, na kwa haki. Waziri ana uwezo wa kutangaza vitu vingine, ila gitaa la umeme na vifaa vyake ni vichanga mno kwa kipimo hicho. Ile Sheria ya Vyuma Kuukuu ya 2015, pamoja na marufuku ya biashara hiyo iliyowekwa Januari 2022 na kuondolewa Mei mwaka huo huo, shabaha yake ilikuwa nyaya za umeme na mali nyingine ya umma iliyoharibiwa. Nani basi ataangalia kisanduku chenye mpira juu yake?

Maoni yetu ni kwamba kazi hii ni ya walimu na wanafunzi. Shule nyingi za Thika na Ruiru zina stoo ambamo vyombo vya muziki vya zamani vimelala chini ya madawati mabovu. Mashindano ya muziki nchini yana umri wa tangu 1927, na shule zimekusanya vyombo vizazi kwa vizazi, kisha zikavisahau. Siku ya kufagia stoo inapofika, mkokoteni huitwa.

Mkokoteni usiitwe kabla orodha haijaandikwa. Chama cha muziki na kile cha historia vinaweza kushirikiana: kifaa kipigwe picha, namba yake inakiliwe, na aulizwe mzee yeyote anayekikumbuka: kilinunuliwa wapi, nani alikipiga, kilipigwa katika dansi gani. Wasikifungue kwa pupa, wasikipake rangi, wala wasimpe fundi abadilishe koili, maana mara nyingi thamani yote imo katika sehemu zake za asili. Kikiweza kulia, kirekodiwe kikilia. Njia ya kuwahoji wakongwe si ngeni: Ketebul Music ya Nairobi ilikusanya historia ya benga mwaka wa 2008 na ya muziki wa Kikuyu mwaka wa 2010, na mwalimu anayetaka mfano ataupata humo.

Tunajua kuna watakaosema kwamba shule isiyo na maabara haina wasaa wa pedali mbovu. Hoja hiyo ina uzito. Shule ikilazimika kuuza, na iuze, lakini iuze ikijua inauza nini, kwa kibali cha bodi yake na kwa bei iliyoulizwa kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, si kwa dalali anayekuja Ijumaa jioni na noti mkononi. Chombo cha shule si mali ya mwalimu mkuu, na fedha zake zirudi katika chumba cha muziki.

Haya yote yana muda wake. Kakai Kilonzo alifariki mwaka wa 1987, Joseph Kamaru mwaka wa 2018. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini jukwaani mwaka wa 1972 sasa wamepita sabini, na baadhi yao wanaishi mtaa mmoja na shule tunazozitaja. Likizo ya Agosti inatosha kuwatembelea.