Shelly Yataka Mlinzi wa Tatu

Nenda Shelly siku ya bamvua, mnamo saa nne za asubuhi. Maji yamekupwa hadi kwenye mwamba wa nje, na kina mama wenye ndoo na vyuma vya kumtoa pweza shimoni wanatembea mahali ambapo ikifika alasiri hata mrefu wao hatagusa chini. Mvuvi anaikalafati ngalawa yake. Mkokoteni wa madafu umeegeshwa chini ya mvinje. Watoto wamejiinamia kwenye vidimbwi wakimsaka kaa, kisha wote wanainua vichwa kwa pamoja: meli ya watalii inakata mlango wa bandari, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa. Ubishi unaanza. Huyu amehesabu kumi, yule kumi na mbili. Kabla hawajaafikiana, meli imeshaingia Kilindini na kupotea nyuma ya minazi.

Abiria waliosimama sitahani nao wameiona Shelly: mstari wa mchanga kusini mwa mlango wa bandari ya Mombasa, upande wa Likoni, hauna majumba mengi, hauna makelele. Ndiyo pwani ya kwanza wanayoipita, na takriban wote huipita tu. Wakishashuka gatini, mabasi huwa yanawangoja. Wengine huenda Fort Jesus, wengine Shimba Hills, wengine Tsavo, kwa safari walizozilipia wakiwa bado melini. Jioni wanarudi, na meli inang'oa nanga.

Ndugu msomaji, nakuandikia kuhusu mchanga huo wanaoupita. Siji kukuambia kwamba kuna mtu ameshaununua. Nakuandikia kwa sababu waliokuwa wakiulinda wanaondoka mmoja mmoja, na sioni aliyepangwa zamu baada yao.

Mlinzi wa kwanza wa Shelly amekuwa feri. Kivuko cha Likoni ni mwendo wa nusu kilomita hivi, lakini aliyewahi kusimama pale jua la saa nane, katikati ya maelfu ya watu na mizigo yao, anajua kwamba nusu kilomita ile ina urefu wake wa pekee. Kivuko hicho kimewachosha wafanyakazi na kuwachelewesha wagonjwa. Kimewachosha pia wenye mitaji. Mtu mwenye pesa za hoteli alitazama foleni, akageuza gari kuelekea Nyali na Bamburi, au akapita Likoni moja kwa moja hadi Diani.

Mlinzi wa pili alikuwa hofu. Zamani Shelly ilikuwa na hoteli zake na wageni wake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na vurugu zilizofuata ziliua watu wengi na kuwafukuza maelfu makwao. Wageni wakakoma. Vitanda vikabaki vitupu, wapishi na wahudumu wakarudi nyumbani, na hoteli zikaanza kufungwa. Baharini nako kukaingia hofu yake. Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, ikiwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia katika bahari ya Somalia. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, meli za watalii zilikwepa maji yetu.

Nawaita walinzi kwa uchungu, maana walitulinda kwa kutuumiza. Hakuna mtu wa Likoni atakayetamani vita virudi ili pwani ibaki kimya. Lakini tuseme ukweli: utulivu tunaojivunia Shelly hatukuupanga sisi. Tuliupata kwa sababu wengine walishindwa kufika.

Sasa wanafika. Barabara ya Dongo Kundu inavusha magari kutoka Miritini hadi kusini bila kuiona feri, na eneo maalumu la viwanda linaandaliwa kando yake. Daraja kubwa la kuunganisha kisiwa na Likoni limo katika mipango ya serikali. Upande wa pili wa mlango wa bahari, bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019. Bandarini, Halmashauri ya Bandari na shirika la TradeMark wamewajengea abiria wa meli kituo chao, ili wasishukie tena katikati ya makontena. Msimu wa kaskazi ukiingia, upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni sasa unakuja na meli hizi.

Na zije. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wa Likoni anahitaji kazi, na mama wa viazi karai anahitaji wateja. Nisichokubali ni mgeni aje, kisha mwenyeji aambiwe azunguke nyuma.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lenyewe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Kwa hiyo mchanga ule anaoutembea mama wa pweza ni wake, na ni wako, na hakuna mwenye hati juu yake. Lakini mchanga hauna mlango angani. Ili uufikie lazima upite kwenye viwanja vilivyo juu yake, na viwanja hivyo vina wenyewe. Hati nyingi za ukanda wetu wa maili kumi zina mizizi katika sheria ya ardhi ya mwaka 1908, iliyoandikwa na wakoloni waliokuwa na mawazo mengine kabisa kuliko njia ya mvuvi. Ukuta ukijengwa hapa, geti likawekwa pale, utabaki na pwani yako ya kikatiba ambayo huwezi kuigusa ila uwe na mtumbwi.

Nimeyaona mwenyewe. Kipo kichochoro nilichokipita utotoni, mkono mmoja nimeushika wa nyanya yangu, mwingine umebeba chupa ya maji. Mwaka mmoja kikapata kamba. Mwaka uliofuata kikapata geti, na askari mpole aliyetusalimia vizuri na kutuuliza tunamjua nani ndani. Baadaye likawa ukuta, na askari hakuhitajika tena. Hakuna aliyepiga kelele, hata sisi. Tulizunguka, tukatafuta kichochoro kingine. Kila mtu wa pwani anacho kisa chake kama hiki, na ndivyo ufuo unavyokwenda: hauuzwi siku moja, unazungukwa.

Tazama kaskazini. Pale Bamburi, sikukuu ya Idi au Mwaka Mpya, umati wa Mombasa hujibana katika kipande kimoja cha Pirates, kwa sababu sehemu kubwa ya mchanga ule mrefu imefichwa nyuma ya kuta. Likoni bado haijafika huko. Bado kuna vichochoro, na bado wapo wazee wanaovijua kwa majina.

Mlinzi wa tatu ninayemtaka ni daftari. Tunasema wenyewe kila siku dukani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu kikundi cha wananchi, chama au serikali ya kaunti kuomba kwa Tume ya Taifa ya Ardhi itambue njia ya jamii inayopita kwenye ardhi yenye mwenyewe. Haimnyang'anyi mwenye kiwanja kiwanja chake. Inaandika tu kwamba hapa, kwa upana huu, watu hupita. Njia ikishaandikwa, anayenunua kesho ananunua akijua, na anayejenga anaruka kipande hicho.

Utaniambia daftari halina meno. Nenda Lamu ukaulize. Wavuvi wa Lamu waliiburuta serikali mahakamani juu ya bandari mpya iliyokuwa ikichimbwa katika maji yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa kule kule, kwa sababu wananchi hawakusikilizwa kama sheria inavyotaka. Watu wale hawakuwa na pesa kuliko sisi. Walikuwa na majina yaliyoorodheshwa, na wazee waliokuwa tayari kusimama na kueleza.

Na ukitaka mfano wa meli zenyewe, uko mbali, visiwa vya Bahamas. Katika kisiwa cha Eleuthera palikuwa na rasi tulivu iitwayo Lighthouse Point. Kampuni ya Disney iliinunua ili iwe kituo cha meli zake za watalii. Wakazi waligawanyika: wapo waliotaka kazi, wapo waliotaka pabaki hifadhi. Kituo kilifunguliwa Juni 2024, hivyo waliopinga hawakupata walichotaka. Hata hivyo kelele zao hazikupotea bure. Katika makubaliano, sehemu ya ardhi ile ilirudishwa kwa serikali, haki ya wenyeji kuifikia rasi ikaandikwa, na gati likajengwa juu ya nguzo ndefu kuingia baharini badala ya kuchimba mfereji kwenye matumbawe. Yote hayo yaliingia kwenye karatasi kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Baada ya jiwe hilo, nani angewasikiliza?

Kwa hiyo nina maombi, na kila mmoja apokee lake.

Kwenu wazee wa Likoni, na nyinyi kina mama wa pweza: tuambieni majina ya vichochoro. Nani alipita wapi, tangu mwaka gani, kuelekea mwamba upi. Msiseme hayo ni mambo ya zamani. Mbele ya tume, umri wa njia ndio nguvu yake.

Kwa wavuvi: tangu kanuni za mwaka 2007, vikundi vyenu vya usimamizi wa fuo vinatambuliwa na serikali. Tumieni muhuri huo. Barua ya kikundi chenye katiba na daftari la wanachama husomwa haraka kuliko ya mtu mmoja mwenye hasira.

Wenye viwanja, wakiwemo ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na London wanaojenga kwa simu: ukimtumia fundi ramani, mwambie aache njia ya miguu. Upana wa watu wawili wenye ndoo unatosha. Nyumba yako haitapungua thamani kwa kuwa majirani wanaijua kwa wema. Na ukiuza, mwandikie mnunuzi kwamba njia ile ipo.

Waongoza watalii na wenye kampuni za safari: Shelly inaweza kupokea wageni wa meli, kwa makundi madogo, kwa miguu, wakiwa na kijana wa Likoni mbele yao na dafu mkononi. Mwamba ukikanyagwa na mamia kwa siku moja haubaki na pweza wala kombe la kuonyesha kundi la kesho. Mtakaloharibu ndilo mnaloliuza.

Viongozi wa kaunti na wa wadi: mikutano ya ushirikishwaji ifanyike Likoni, kwa Kiswahili, wakati ambao mvuvi hayuko baharini. Na kila ripoti ya mazingira ya mradi wa mwambao ikitangazwa, msiiache ikae mjini siku zake zote za maoni. Ivusheni feri ije tuisome.

Nasi wengine, tunaokwenda kuoga Jumapili na kurudi: chupa tuliyokuja nayo turudi nayo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini mchanga wa Shelly haujui kusoma gazeti la serikali. Anayetaka kuufunga ufuo hutafuta sababu kwanza, na uchafu wetu ndiyo sababu rahisi kuliko zote. Hatuwezi kudai njia ya kwenda mahali tunapopageuza jaa.

Sijui meli ngapi zitakata ule mlango msimu ujao, wala sina ugomvi na hata moja. Ningependa siku moja abiria wake ashuke, avuke, aulize njia ya Shelly, na mtoto yule yule aliyekuwa akihesabu ghorofa amshike mkono ampeleke, wapite kichochoro kimoja, bila yeyote kati yao kuulizwa anamjua nani ndani.

Bamvua ijayo, saa nne za asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Njoo na mzee mmoja anayevijua vichochoro, simu ya kupigia picha, na kalamu. Daftari nitaleta mimi.