Eko ya mjamzito isomwe kwa viwango vya ujauzito

Mjamzito aliyepimwa moyo kwa ultrasaundi, kipimo ambacho wengi hukiita eko, anaweza kurudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba vyumba vya moyo vimetanuka na vali za upande wa kulia zinavuja kidogo. Familia ikisikia hivyo inaelewa jambo moja tu: mama ana moyo mkubwa, basi ni mgonjwa. Hata hivyo, mimba ikiwa imekua, huenda karatasi hiyo inaeleza moyo mzima kabisa. Ndiyo maana nasema majibu ya eko ya mjamzito yasipimwe kwa viwango vya mwanamke asiye na mimba, na kila fomu ya kipimo hicho ioneshe umri wa mimba.

Sababu iko kwenye damu yenyewe. Katika ujauzito wa kawaida damu mwilini huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, mapigo ya moyo huzidi kwa 10 hadi 20 kila dakika, na kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika hupanda kwa asilimia 30 hadi 50. Moyo haupokei mzigo huo ukabaki vilevile. Vyumba vyote vinne hutanuka kidogo na kuta za chumba cha chini cha kushoto hunenepa kiasi. Vyumba vikitanuka, njia zinazofungwa na vali nazo hupanuka, ndipo damu kidogo huanza kurudi nyuma. Wapo pia wenye maji kidogo kwenye mfuko unaozunguka moyo bila dalili yoyote. Katika yote hayo, uwezo wa moyo kusukuma damu kila pigo haushuki chini ya kawaida, na baada ya kujifungua moyo hurudi taratibu katika hali yake ndani ya wiki au miezi kadhaa.

Wapo watakaosema ni heri kumtia hofu aliye mzima kuliko kumwacha mgonjwa bila tiba. Hofu hiyo ina gharama yake. Mama hupewa rufaa asiyoihitaji, nauli na siku za kazi hupotea, na akianzishiwa dawa bila uangalifu anaweza kumdhuru mtoto, kwani baadhi ya dawa za moyo na presha, kama enalaprili na kaptoprili, huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Tena, anayeijua mipaka ya kawaida ndiye anayeiona hatari upesi. Mimba haisababishi vali ya mitrali kubana. Kwetu, chanzo chake mara nyingi ni homa ya rumatiki iliyoanza na maambukizi ya koo utotoni. Vali ya mshipa mkuu wa aota kuvuja si jambo la kuhesabiwa kuwa la ujauzito. Na moyo ukisukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto, katika mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, daktari lazima afikirie kudhoofika kwa misuli ya moyo kunakoletwa na uzazi.

Wengine watauliza: kama mabadiliko mengi ni ya kawaida, kipimo cha nini? Kweli, si kila mjamzito anahitaji eko, na wataalamu wake ni wachache nje ya miji mikubwa. Lakini kuvimba miguu na kuhema kunakozoeleka katika mimba ndiko kunakoficha ugonjwa, kwa sababu ni rahisi kumwambia mama "hiyo ni mimba tu". Anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, anayeamka usiku akitafuta hewa, anayezimia, anayeumwa kifua, au aliyewahi kuambiwa ana tatizo la vali, huyo apimwe bila kucheleweshwa. Wizara za afya na hospitali ziweke viwango vya ujauzito katika fomu za eko, na mama akipewa majibu aulize: haya yamelinganishwa na mjamzito wa miezi yangu?