Binti Atasema Kiswahili Lini?

Wanafunzi wenzangu, nani kasema katuni ni za watoto wa shule ya msingi? Ukikutwa nayo wakati wa prepu inanyang'anywa, na wewe huna la kujitetea!

Basi mtazameni Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani mwaka 1974 kwa wazazi Waigbo kutoka Nigeria. Huandika riwaya za sayansi na maajabu, na katuni vilevile. Mwaka 2018 aliandika visa vya Shuri, dadake Black Panther, vilivyotolewa na Marvel. Katuni yake nyingine, LaGuardia, ilishinda tuzo za Hugo na Eisner mwaka 2020. Hayo ni mambo ya kitoto kweli?

Lakini kinachoniwasha mimi ni Binti, kitabu chake cha 2015. Naam, neno letu hasa! Msichana Mhimba wa Namibia, kajipaka udongo mwekundu wa kwao, anatoroka bila kuaga kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Jina la Kiswahili, hadithi ya Kiingereza. Jamani!

Mama huyu hana uvivu: mwaka 2025 alitoa Death of the Author na One Way Witch. Kila atangazapo kitabu kijacho, au mahali atakapokutana na wasomaji, watu huuliza kitatoka lini. Sisi wa Chama cha Kiswahili tumwandikie tuulize: cha Kiswahili je? Na tukingoja jibu, wachoraji wetu wa Kidato cha Pili wapewe kurasa mbili hapa toleo lijalo. Mhariri, nafasi ipo. Punguza zile salamu.