Jumba la Kioo la Madrid na Wageni Waliotazamwa

Ukijaliwa kufika Madrid, mji mkuu wa Uhispania, na siku yenyewe iwe Jumapili, usijifungie hotelini. Nenda Retiro. Hii ni bustani ya wenyeji hasa. Utawakuta akina baba wakisukuma vigari vya watoto, wanafunzi wamejinyoosha kwenye nyasi, na wapenzi waliokodi mashua wakihangaika na makasia. Mkazi wa Nairobi aliyezoea Uhuru Park hatajiona mgeni mahali hapa, ingawa Retiro ni kubwa mno, zaidi ya hekta 100. Zamani ilikuwa bustani ya wafalme. Iligeuka kuwa mali ya mji mwaka 1868, Malkia Isabel wa Pili alipopinduliwa.

Shuka kituo cha Retiro cha treni za chini ya ardhi, ingia bustanini, kisha uliza Palacio de Cristal, yaani Jumba la Kioo. Hakuna asiyelijua.

Pengine utaliona kwanza ndani ya maji kabla ya kuliona lenyewe. Mbele yake kuna ziwa dogo lenye bata na kobe, na katika maji hayo imesimama miti ya jamii ya mvinje ambayo majani yake hugeuka rangi ya kutu majira ya baridi yanapokaribia, kisha yakapukutika. Ngazi za jumba zinashuka hadi kuzama majini. Juu yake ni chuma na kioo kuanzia chini hadi kwenye kuba, karibu mita 23 kwenda juu. Ukuta wa matofali ni ule mfupi wa chini tu, nao umepambwa kwa vigae vya rangi vya fundi Daniel Zuloaga. Jua likipiga, nyumba nzima huwaka kama taa.

Aliyelichora ni Ricardo Velázquez Bosco, nalo lilijengwa mwaka 1887. Wanafunzi wa historia huenda wakapenda kujua kwamba humu ndimo Manuel Azaña alimochaguliwa kuwa Rais wa Uhispania mnamo Mei 1936, miezi miwili tu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka. Katika miaka ya karibuni limekuwa likitumiwa na makumbusho ya Reina Sofía kwa maonyesho ya sanaa, bila kiingilio. Lilifungwa mwaka 2023 kwa matengenezo makubwa, kwa hivyo ulizia kwanza kabla ya kuwaahidi watoto kwamba wataingia ndani.

Lakini hebu tuulize, msomaji wangu: nyumba ya kioo katikati ya bustani, ilijengewa nini?

Ilijengewa mimea. Mwaka huo wa 1887 serikali ya Uhispania iliandaa maonyesho makubwa ya Visiwa vya Ufilipino, koloni lake la mbali huko Asia. Ilitaka wananchi waone utajiri wa koloni hilo na wafanyabiashara watamani kutia fedha zao huko. Miti na maua ya nchi za joto havingestahimili hewa ya Madrid, ndiyo sababu vikatengenezewa nyumba ya kuvihifadhi.

Kulikuwa na tumbaku, nguo, silaha, mbao na mitumbwi. Kulikuwa pia na watu. Zaidi ya 40 waliletwa kwa meli: Waigorot kutoka milima ya Luzon, Waislamu wa kisiwa cha Jolo, na wengine kutoka visiwa vya Carolina na Mariana. Kijiji cha vibanda kilijengwa humu bustanini. Wanawake walikaa wakifuma nguo na kusokota sigara huku Wahispania waliolipa kiingilio wakipita na kutazama. Malkia María Cristina ndiye aliyeyafungua maonyesho hayo, mwishoni mwa Juni.

Wawili kati ya wanawake hao hawakurudi kwao. Basalia, Mwislamu wa Jolo, alikufa kwa nimonia. Dolores, aliyetoka visiwa vya Carolina, naye akafa. Mimi kila nikiifikiria habari hii, akili yangu hurudi kwenye ile mimea iliyojengewa jumba zima isipatwe na baridi.

Msidhani kwamba wakati huo hakuna aliyekasirika. José Rizal, kijana wa Kifilipino aliyekuwa amesomea udaktari papo hapo Madrid, alimwandikia rafiki yake Ferdinand Blumentritt kwa uchungu juu ya maonyesho hayo na juu ya kifo hicho. Mwaka uo huo alichapisha riwaya yake, Noli Me Tangere, mjini Berlin. Wahispania walimpiga risasi Manila mwaka 1896. Miaka miwili baadaye wakashindwa vitani na Marekani, Ufilipino ikawatoka mikononi, na nyumba ya mimea yake ikabaki Retiro.

Wala si Wahispania peke yao. Jumba la Kioo la London, ambalo hili la Madrid ni kama mjukuu wake, lilijengwa Hyde Park mwaka 1851, kisha likahamishiwa Sydenham. Huko Sydenham, mwaka 1895, waliletwa Wasomali, jirani zetu, waume kwa wake na watoto, wakawekwa katika kijiji cha maonyesho ili Waingereza waje wawatazame. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1936. La Madrid lingali limesimama.

Kwa hivyo ukiwa na watoto pale ziwani, waache wahesabu kobe kwanza, wapige picha zao. Kisha waeleze habari za Basalia na Dolores. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuielewa vizuri kabisa. Mkiwa bado na nguvu, tokeni upande wa Atocha. Karibu na hapo kuna Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, ambayo yalirithi vitu vingi vya maonyesho yale ya 1887. Ulizia sehemu ya Ufilipino, na mkiwa mbele ya nguo zilizofumwa, msipite upesi.