Nyanya ya Kopo Haina Kosa

Siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, vijana wa kikundi chetu hapa Nsambya walileta chakula kutoka nyumbani, kila mmoja na sufuria yake. Kulikuwa na sombe, maharage, mukene, wali na bugali wa muhogo. Dada mmoja wa miaka kumi na tisa alileta njegere zilizopikwa na nyanya, kitunguu na karoti. Mimi nilikula sahani mbili. Halafu mama mmoja akamuuliza njegere laini hivi amezinunua soko gani. Yule dada hakuficha. Akasema, "Ni za kopo, mama. Na nyanya pia ni ya kopo."

Mama akaweka kijiko chini. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mimi sikule kitu ya kopo. Hii ni chakula ya wavivu. Utaolewa na nani?" Watu wakacheka. Dada akafunika sufuria yake, na tangu siku ile amekosa mikutano mitatu.

Naandika kwa sababu ya hiyo mikutano mitatu. Mama zetu nawaheshimu, na mama huyu mwenyewe amenilisha mara nyingi tangu nifike Kampala. Lakini katika hili amekosea, na wanaofikiri kama yeye ni wengi. Wapo kanisani, wapo kwenye harusi, wapo hata kati yetu vijana. Mtasema mwanaume ajue nini mambo ya jikoni? Basi mjue kwamba napika. Naishi na mdogo wangu, na nisipopika mimi tunalala njaa.

Kwanza tuangalie ni jikoni gani tunaloliongelea. Mama akisema "chakula chetu," analiona jikoni la nyumbani. Hata mimi naliona. Mimi ni mtoto wa Rutshuru. Nyanya yangu alikuwa na bustani nyuma ya nyumba: lengalenga, vitunguu, maboga, nyanya. Tulikuwa tunamtania, "Nyanya anachuma nyanya." Akiweka sufuria motoni ndipo anatoka kwenda kuchuma, kwa sababu bustani ilikuwa hatua kumi. Mwezi wa saba 2012 tukavuka Bunagana, tukalala Nyakabande, kisha tukapelekwa Rwamwanja. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Bustani haikuvuka nasi.

Sasa tuangalie jikoni la yule dada. Muzigo mmoja, watu wanne: yeye na wadogo zake watatu. Sigiri inakaa nje ya mlango, na mvua ikinyesha hakuna kupika, maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi kuuza vitenge mtaa kwa mtaa, anarudi saa mbili usiku. Friji hana. Nyanya alizonunua Jumatatu, Alhamisi zimeshaanza kuoza. Na bei ya nyanya hapa Kampala haina huruma: wiki hii fungu lina nyanya sita, mvua ikikosea kidogo fungu lile lile lina tatu. Kopo dogo la nyanya bei yake haimrukii hivyo. Mtu anayehesabu shilingi kila jioni anahitaji angalau kitu kimoja jikoni kisichomshtua.

Mtaniambia kopo la njegere ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini makaa nayo ni pesa. Njegere kavu zinakula makaa ya saa nzima na zaidi, hata ukiziloweka. Za kopo zimeshaiva kiwandani. Unakaanga kitunguu, unamimina, unapasha, watoto wanakula kabla hawajasinzia. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya yule dada. Huo si uvivu. Mvivu hafanyi hesabu.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hayo mambo ya asili. Sombe iliyoliwa siku ile, nani aliitwanga kwa kinu? Hakuna. Mwenye nyumba gani wa Nsambya au Katwe atakubali kinu kigonge ukutani kwa jirani? Tunainunua sokoni ikiwa imeshasagwa kwa mashine, na hakuna anayemwambia muuzaji kwamba ameua utamaduni. Maharage yaliwekwa kile kikyubu cha magi, tena vitatu. Chai ya asubuhi ilikuwa na maziwa ya unga yaliyotoka wapi? Kwenye kopo! Mbona kopo la maziwa lina heshima na kopo la njegere halina?

Wengine wanasema kopo ni jambo la wazungu, sisi tunakula vitu freshi. Kumbe samaki aliyekaushwa ni freshi? Muhogo tunaoloweka, tunaokausha na kusaga ni freshi? Hapa hapa Uganda, watu wa Teso hukata viazi vitamu vipande, wakavianika juani, wakaviita amukeke, ili wapate chakula ukame ukija. Kuhifadhi chakula ni akili ya watu wote waliowahi kuona njaa. Kopo ni njia mojawapo tu.

Na hiyo njia ilianzaje? Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, alikuwa mtengeneza peremende na mpishi. Alitia chakula kwenye chupa, akaziba kabisa, akachemsha, akaona hakiozi. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikampa faranga 12,000 kwa sharti aichapishe siri yake kila mtu aijue. Mwaka huo huo, London, Peter Durand akapata hati ya kutumia makopo ya bati. Waliokula mwanzoni walikuwa wanajeshi na mabaharia, watu walio mbali na nyumbani wasiojua watalala wapi kesho. Mimi nikisoma hivyo nawaza: mbona hao ni kama sisi?

Na kama ni fedheha kula kutoka kopo, basi tukumbuke tulikotoka. Kule kambini tulipanga foleni kwa ajili ya mafuta ya kula ya msaada. Yalikuja kwenye makopo ya bati yenye maandishi ya Kiingereza. Hakuna mama aliyeweka kijiko chini. Tulipika nayo, na makopo matupu tukayanyoosha tukatengenezea milango. Mwaka 2020 mgao ule wa chakula ulipokatwa kwa asilimia 30, hakuna aliyeshangilia kwamba sasa tutakula kiasili. Tulilia. Sasa tuko mjini, ambako kila mtu anajitafutia. Msichana ananunua kopo kwa jasho lake, hakupanga foleni ya mtu, na hapo ndipo tunamcheka. Kopo la kupewa tulilipokea kwa mikono miwili. Kopo la kununua tunalitemea mate. Mama zangu, hapo sielewi.

Sisemi kila kopo ni zuri. Sitaki mtu anunue mboga za majani za kopo wakati dodo liko pale Kalerwe, fungu kwa bei ndogo. Nilipofika Uganda nikasikia dodo, dodo, nikadhani ni mboga mpya, kumbe ni lengalenga yetu ile ile! Hiyo haihitaji kopo. Inaiva upesi, inataka makaa kidogo, na hata kwenye gunia la udongo mbele ya mlango inaota. Kikundi chetu kina magunia manne, na yule dada ndiye alikuwa anayamwagilia. Majani tupike mabichi. Maharage kavu tupike Jumapili, siku yenye nafasi. Kopo likae rafuni kwa ajili ya Jumanne ya mvua, mwisho wa mwezi, au siku mtoto anaumwa na huwezi kufika sokoni. Hapo ndipo mahali pake, na hapo halina mpinzani.

Tena kopo linataka ujuzi, kama chakula kingine chochote. Kopo lililovimba tupa, hata usionje, maana sumu yake inaweza kukuua bila kunuka. Lenye kutu nzito au lililobonyea kwenye mshono, acha dukani. Angalia tarehe, hasa kwa wale wauzaji wa bei ya kutupa. Soma kilichoandikwa: kwenye kopo la nyanya, nyanya ndiyo iwe ya kwanza, siyo maji na wanga na rangi. Njegere na maharage mwaga yale maji, suuza, chumvi ipungue. Kilichobaki usikiache ndani ya kopo lililofunguliwa; na kama huna friji, nunua kopo dogo limalizike siku hiyo. Nyanya ya kopo ikaange kwanza kwenye mafuta mpaka ule ukali utoke, ndipo utie maji. Yule dada anayajua haya yote. Ningependa awafundishe wengine.

Na freshi nayo isitudanganye. Ule unga mweupe mnaouona kwenye nyanya za sokoni ni dawa ya ukungu. Wapo wakulima wanaopuliza mpaka karibu na siku ya kuchuma. Ukiosha vizuri unapungua, lakini msituambie kwamba freshi maana yake ni safi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kazi yangu ni kukaa na vijana, na naona aibu inavyofanya kazi. Kijana wa kiume anayeishi peke yake anaambiwa kama huwezi kupika kama mama yako, usipike. Basi kila siku anakula rolex na chipsi, pesa ya wiki inaisha Jumatano, halafu anakopa. Msichana anaambiwa chakula chake ni cha uvivu, basi anaacha kuleta sufuria, anaacha kuja. Wadogo zake watatu nao hawaji, maana ndiye alikuwa anawaleta. Tumepoteza watu wanne kwa kopo moja la njegere. Vita vilitupotezea wengi, tusiongeze sisi wenyewe.

Utamaduni wetu mimi naujua kwa nyanya yangu. Mgeni akija bila taarifa, hakusema bustani imekauka. Alitafuta chochote kilichokuwepo, akapika, akasema karibu. Mgeni naye alikula, akashukuru. Sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mwenzake chakula kimetoka wapi kabla ya kumeza.

Kwa hiyo mama, najua utasoma hapa, maana gazeti letu hulikosi. Nyumbani kwake unapajua. Nenda jioni, baada ya saa mbili, akiwa amerudi. Mpelekee fungu la lengalenga kutoka kwenye magunia yetu, mimi nitakuchumia. Naye atakupakulia njegere. Kula, umwambie zimeiva vizuri, kwa sababu kweli ziliiva vizuri. Halafu mwambie Jumamosi tunamsubiri.