Mazungumzo ya Nyumbani: Nasaba ya Ng'ombe

Ndugu msomaji, mwezi huu mazungumzo yetu yatuchukua hata vilima vya Buha, katika nchi ya Kasulu na Kibondo, Mkoa wa Kigoma. Huko ng'ombe, ambaye Waha humwita inka, hakuwa mnyama wa maziwa na nyama tu. Kwa desturi ya kale iitwayo ubugabire, mwenye ng'ombe alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na aliyepewa akamlipa kwa utumishi na utii. Hivyo watu wakapambanuliwa: huyu ni wa ng'ombe, yule ni wa jembe. Desturi hiyo imekwisha kupita, lakini kiburi kilichozaliwa nayo hakikupita chote.

Nilipata kukaa na mzee mmoja wa Kasulu, mtu karimu, akanionyesha ng'ombe wake wa pembe ndefu. Siku zile posa ya mjukuu wake wa kike ilikuwa imeletwa kutoka Kibondo, na mzee hajatoa jawabu.

"Watazame hawa," akaniambia. "Damu yao ni moja tangu asili, haikuchanganyika. Nasi tuliowafuga tu vivyo hivyo. Babu zake kijana yule walikuwa watu wa jembe."

Mjukuu wake wa kiume, aliyekuwa akisoma sekondari, akasema kwa adabu, "Babu, uniwie radhi. Mwalimu alitwambia kwamba ng'ombe hawa wenyewe ni machotara."

Mzee akacheka, asisadiki. Nikaahidi kuitafuta habari hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wataalamu wa zama zetu huchukua mfupa wa kale, hasa ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, wakautoboa na kutoa unga kidogo. Katika unga huo husoma vinasaba, yaani urithi ambao kila kiumbe huupokea kwa baba na mama. Mwaka 2019 ilitangazwa kazi iliyosoma vinasaba vya ng'ombe 67 wa kale, wengi wao wa Mashariki ya Kati. Ng'ombe asiye na nundu alianza kufugwa kiasi cha miaka 10,500 iliyopita, pande za juu za mito Furati na Tigris. Mwenye nundu alifugwa baadaye, kiasi cha miaka 8,000 iliyopita, katika bonde la mto Indus. Kisha, yapata miaka 4,200 iliyopita, katika zama za ukame mkubwa, damu ya ng'ombe wa nundu ikaenea upesi Mashariki ya Kati, na zaidi kwa njia ya madume waliopandishwa majike wa huko.

Katika nchi zetu joto huviharibu upesi vinasaba vilivyomo mifupani, kwa hiyo ng'ombe walio hai nao wamepimwa. Mwaka 2020 ilitolewa habari ya ng'ombe 172 wa Afrika, na yule wa Ankole, jamaa wa hawa wa Kasulu, alikuwamo. Upande wa mama, karibu ng'ombe wote wa Afrika hutoka katika ukoo usio na nundu. Upande wa baba, wengi wana damu ya Bara Hindi. Mchanganyiko mkubwa wa wengi wao ulitukia kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Wala si aibu kwake: damu hiyo ya Hindi ndiyo iliyomsaidia kuvumilia jua kali na uchache wa maji.

Na wachungaji je? Huko Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, palipatikana mifupa ya mtu wa jamii ya wafugaji aliyeishi kiasi cha miaka 3,100 iliyopita. Vinasaba vyake, vilivyotangazwa mwaka 2017, vilionyesha kwamba kiasi cha asilimia 38 ya asili yake ni jamaa ya wakulima wa kale wa nchi za Shamu, na iliyobaki ni ya Afrika. Mwaka 2019 wakasomwa watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, na ikadhihirika kwamba wafugaji waliotoka kaskazini walizaliana na wenyeji waliowakuta. Basi hata mchungaji wa kale alikuwa chotara, na miongoni mwa wazee wake walikuwamo wenye jembe.

Mzee wangu wa Kasulu, ukisomewa haya usiniudhikie. Ng'ombe wako ni wazuri, tena ni wa asili ndefu kuliko ulivyodhani. Ila asili hiyo ni ya wengi. Kijana wa Kibondo muulize sala yake, tabia yake, na bidii yake katika kazi. Dini yetu haikumpa mtu daraja kwa ukoo. Akipungukiwa na hayo, mkatalie. Lakini ukimkatalia kwa ajili ya damu, usimtoe ng'ombe kuwa shahidi wako, kwani ushahidi wake umekwisha kusomwa, nao uko upande wa kijana.